Mashine ya kahawa ya matone: jagi la kioo au la chuma?

Wadau, habari zenu. Mashine yangu ya kahawa imekata roho baada ya miaka 6. Nyumbani tuko wawili: mimi nakunywa saa kumi na moja alfajiri, mwenzangu anaamka saa mbili na kuikuta yake kwenye sahani ya moto ya mashine, ile inayopasha jagi, chungu kama shubiri. Nichukue tena ya jagi la kioo, au hili la chuma linalotunza joto?

Jibu 1
Chuma, wala usijiulize. Sahani ile huipika kahawa mara ya pili. Ila tazama mdomo wa jagi! Langu la kwanza lilikuwa na shingo nyembamba, mkono hauingii, nikawa nasugua kwa brashi ya chupa ya mtoto. Na lisuuze kwa maji ya moto kwanza, la sivyo chuma baridi kitakunywa joto lote.

Jibu 2
Muhimu zaidi ni joto la maji. Yafike nyuzi 92 hadi 96 za Selsiasi. Yakiwa vuguvugu kahawa hutoka nyepesi, yenye ukali wa ndimu. Mimi hupima gramu 60 za kahawa kwa lita ya maji, kwa mizani.

Muulizaji
Gramu 60! Mie naweka vijiko vinne nikilalamika haina ladha.

Jibu 1
Hiyo ya zamani ilikufaje?

Muulizaji
Ilikoroma wiki nzima, mvuke mwingi, maji kiduchu.

Jibu 1
Hiyo ni chokaa ya maji tu, imeganda ndani ya mashine. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, mimina kwenye tangi la maji, iwashe, kisha pitisha maji matupu mara mbili. Usiitupe kwanza.