Zege la uani: mifuko 12 ya saruji inatosha kweli?

Wakuu habari za jioni. Nipo Goba, kiwanja kina mteremko unaoshukia upande wa jikoni. Uani ni udongo mtupu, mvua ikinyesha matope yanafika hadi sebuleni. Nataka baraza ya zege mita 5 kwa 4 mbele ya mlango wa jikoni, na njia ya mita 12 kwa 1 hadi kwenye kamba za kuanikia nguo, inapita juu ya chemba ya choo. Fundi anasema mifuko 12 inamaliza, anamwaga juu ya udongo uliopo. Wife anataka pevingi, yale matofali ya zege ya kupanga chini. Nishaurini kabla sijaita lori la kokoto.

Kokoto Nusu: Mkuu, hizo ni mita za mraba 32. Kwa inchi 4 unapata mita za ujazo 3.2, na kwa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni mifuko 21 hivi. Mifuko 12 ni zege la inchi 2, au anakupikia uji.

Mama Mjengo: Kaka, chemba usiifukie! Ikiziba utavunja zege lako mwenyewe kwa nyundo. Pandisha kuta zake zilingane na njia, mfuniko ubaki unafunguka. Na shemeji ana hoja: bomba likivuja pevingi unazing'oa na kuzirudisha. Ila bila kingo za zege pembeni zinatawanyika.

Fundi Mstaafu: Mnabishania saruji, maji hamjayagusa. Kwanza chimba mfereji upande wa juu wa mteremko, kabla ya baraza, uyakate maji ya mlimani, uyapeleke pembeni. Baraza yenyewe iinamie mbali na ukuta, sentimita 2 kila mita. Kwenye mita 4 ni sentimita 8. Usawa wake ukae inchi 6 chini ya sakafu ya ndani, la sivyo ukuta wa jikoni utanyonya unyevu na rangi itabanduka.

Udongo wa juu wenye mizizi utoke wote. Weka moramu (udongo wa changarawe), mwagia maji, shindilia. Zege usiligandishe na ukuta. Baraza igawe vipande vinne, njia ikate kila mita moja na nusu, maana nyufa zitakuja tu, afadhali zifuate mstari wako. Malizia kwa ufagio, usipige niru (saruji laini ya kung'arisha), watu watateleza. Kisha lifunike zege kwa magunia yaliyolowa maji siku 7.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimempigia fundi wangu, anasema kwa inchi 4 niongeze hela ya ufundi.

Fundi Mstaafu: Hapo yuko sahihi, kazi imeongezeka. Mpe. Ila simama hapo kwenye kuchanganya: kila mfuko mmoja, ndoo za lita 20 tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Maji wasimimine kwa mpira.

Mama Mjengo: Na picha ya chemba utuwekee hapa.