Jibini imerudi, samli imeliwa: kwa wasiokula nyama, mpaka ni upi?

Mpishi wa Kibokoni: Assalaam alaikum wanetu. Nina jambo limenikwama tangu Jumapili. Mie napika vyakula vya shughuli. Nilipata oda ya watu arubaini kule Tudor, nyumba ya Wahindi wasiokula nyama, samaki wala mayai. Nikapika mbaazi za nazi, bilingani, viazi, wali wa samli, na kwa ajili ya watoto nikaoka mikate ya jibini. Faluda mwisho. Bibi mmoja akaja jikoni, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii jibini imegandishwa kwa nini?" Nikamwambia jibini ni maziwa, haina nyama. Akatikisa kichwa, na sinia likarudi kama lilivyotoka. Wali wa samli wakala, wakaongeza! Samli maziwa, jibini maziwa, moja yaliwa na moja yakataliwa. Mie nasema bibi alizidisha. Nihukumuni.

Kijana wa Bondeni: Alizidisha, mama. Maziwa hayajamchinja mtu. Ng'ombe akamuliwa jioni, asubuhi yuko bandani atafuna majani. Huwezi kunywa chai ya maziwa vikombe vitatu kisha ukaiogopa jibini.

Mzee wa Kiwandani: Dada Mpishi, bibi alikuuliza swali moja nawe ukajibu jingine. Hakuuliza jibini imetengenezwa kwa nini, aliuliza *imegandishwa* kwa nini. Nimefanya kazi na maziwa miaka mingi, niwieni radhi nikirefusha.

Jibini ya asili hugandishwa kwa renneti, na renneti ya asili hutoka tumbo la nne la ndama anayenyonya. Ndama huyo keshachinjwa. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho kimosini, ambacho huikata protini ya maziwa, yaani kaseini. Bonge likabaki huku, maji yakatoka kule. Bonge ndilo jibini. Yale maji hayamwagwi: hukaushwa yakawa unga, au hutolewa sukari yake ya maziwa, kisha vyote huingia kwenye biskuti, krispi na chokoleti. Kwa hiyo mtu aweza kuikwepa jibini maisha yake yote na akaila renneti kwenye biskuti ya chai.

Lakini si kila jibini. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kimosini inayotengenezwa na vijidudu, bila ndama kuguswa, na siku hizi ndiyo iliyoenea. Ipo pia ya kuvu. Kwa upande mwingine Parmigiano Reggiano ya Italia, kwa kanuni zake wenyewe, lazima iwe ya ndama. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Samli haina kesi hiyo. Ni siagi iliyochemshwa mpaka maji yakaisha. Mtindi huganda kwa bakteria. Paniri, ile jibini laini ya Kihindi, waigandisha kwa ndimu au siki, ndiyo sababu haikosekani kwenye nyumba zile. Ungepika paniri, sinia lingerudi tupu.

Kijana wa Bondeni: Mzee, tone la renneti kwenye pipa zima la maziwa! Hapo nyama i wapi?

Mzee wa Kiwandani: Ukiwekewa tone la mvinyo kwenye uji wako wa futari, utauliza mvinyo u wapi?

Bi wa Makadara: Hapo umemfunga mdomo, mzee. Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Abu Hanifa aliiona renneti ya mnyama aliyekufa kuwa safi, Mashafii wakasema ni najisi, na pwani hii wengi wetu ni Mashafii. Hatumcheki mtu anayegeuza pakiti. Ila tusichanganye: muhuri wa halali haumwambii bibi lolote. Ng'ombe aliyechinjwa kwa bismillahi bado ni ng'ombe aliyechinjwa.

Jirani wa Langoni: Mie ni wa nyumba hizo. Maziwa kwetu hayana mjadala, mayai ndiyo hatuli. Bidhaa za kutoka India zina kidoa cha kijani ndani ya kiboksi: hicho twakiangalia kabla ya bei. Na bahati yako mama, hawakuwa Majaini washika dini, wale wa dini ya Kihindi inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Hao hawali kitunguu, saumu wala kiazi, kwa kuwa ukiling'oa shina umeviua na vidudu vya udongoni. Viazi vyako navyo vingerudi.

Binti wa Tudor: Samahanini wazazi wangu, mie naona nyote mwatazama tumbo la ndama na ndama mwenyewe mwamsahau. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Akizaa dume, dume hakamuliwi, aishia wapi? Hoja hii si ya jana. Mwaka 1944 kule Uingereza Donald Watson na wenzake waliachana na wala mboga waliokuwa wakinywa maziwa, wakaanzisha chama cha vegani, yaani wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, hata maziwa. Siwaambii muache chai. Nasema bibi naye amechora mstari mahali panapomfaa.

Bi wa Makadara: Kila mtu huchora, mwanangu. Mpishi aliyelipwa hupika kwa mstari wa mwenye shughuli.

Mpishi wa Kibokoni: Basi nimekubali, sikujibu swali la bibi. Ila mmenitia homa. Faluda yangu naigandisha kwa chaina grasi, ile ya mwani, kama alivyonifunza mama. Jumapili ile iliniishia. Nikatuma mtoto dukani, akarudi na jelatini. Nimeitoa pakiti sasa hivi kwenye kabati: halali, ya ng'ombe. Mifupa na ngozi, sivyo mzee?

Mzee wa Kiwandani: Ndivyo.

Mpishi wa Kibokoni: Bibi alikula bakuli mbili. Akanipa na mkono wa shukrani.

Jirani wa Langoni: Mpigie simu, mama. Leo, kabla ya magharibi.

Kijana wa Bondeni: Na ukishampigia, umwambie nini?