Naomba ushauri: nitapataje muda wa kusomea CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu) nikiwa kazini siku nzima?

Mhasibu wa Kimara
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, nami nimejisajili kwa mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi saa mbili usiku, na nina mtoto mdogo. Nilijipangia kusoma kila usiku, lakini ratiba huvunjika kila wiki ya kwanza ya mwezi, na ikishavunjika hairudi. Ofisini wananishauri niache kazi kwanza, jambo nisiloliweza. Waliofaulu wakiwa kazini walifanyaje?

Mkaguzi Mstaafu
Ndugu yangu, ratiba ya kila usiku haimfai mhasibu, kwa sababu siku za mwezi wetu hazilingani uzito. Hadi tarehe 7 unahangaika na PAYE, yaani kodi ya mishahara, huku ukifunga hesabu za mwezi uliopita; kisha unapumua kidogo, halafu ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inakudai tarehe 20. Kuanzia tarehe 21 hadi mwezi unapokaribia kuisha ndipo penye nafasi, kwa hiyo mada ngumu, kama vile hesabu za makampuni yaliyoungana, ziweke huko. Wiki ya kwanza jibu swali moja tu la mtihani uliopita kwa siku, ukilipimia muda, ili usikatike kabisa. Pia soma taarifa za watahini, yaani maoni yao kuhusu majibu ya mitihani iliyopita. Watahiniwa wengi huzipuuza, sijui kwa nini.

Bi. Mizania
Naungana na mzee, ila usiku sikubaliani nao. Mwenye mtoto mdogo alale naye saa tatu, aamke saa kumi alfajiri nyumba ikiwa kimya. Safari ya basi la mwendokasi usiihesabu kuwa ni muda wa kusoma, labda upate kiti kituoni Kimara Mwisho asubuhi. Jioni utasimama hadi nyumbani.

Afisa Utumishi
Hamjataja likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye mwenye kauli juu ya wakati wa kuichukua, hivyo andika barua sasa, usingoje Oktoba wakati wenzako nao wanaomba. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zinahitaji makubaliano na malipo ya mara moja na nusu.

Mhasibu wa Kimara
Nashukuru sana. Je, nikinyimwa likizo yote kwa mkupuo?

Afisa Utumishi
Omba igawanywe: wiki mbili kabla ya mtihani, zilizobaki baadaye. Barua itaje tarehe za mtihani na jina la atakayeshika kazi zako, maana hilo ndilo swali la kwanza la meneja yeyote.