Naomba ushauri: seva saba za mtumba aina ya Dell R730, nataka klasta ya Kubernetes ipigwe yenyewe kwa MAAS, ila kuna nodi zinagoma

Nodi_ya_Saba
Wakuu habari za kazi.

Nina R730 saba za mtumba, zote zina iDRAC8 (kifaa cha ndani cha kuisimamia seva kwa mbali) na kontrola ya diski ya H730. Kila moja ina SSD 2 za 480 GB na HDD 6 za 4 TB. Mpango ni 3 ziwe masta (za kuongoza klasta) na 4 ziwe nodi za kazi, hizo 4 ndizo zibebe Ceph (hifadhi ya pamoja ya data) kupitia Rook (inayoendesha Ceph ndani ya Kubernetes). MAAS, programu ya kusakinisha mfumo kwenye seva kupitia mtandao, iko kwenye mashine ya pembeni. Kila seva ina kebo mbili za 10G, moja kwenye kila swichi, kwa LACP (kuunganisha kebo mbili ziwe njia moja). Nataka nibonyeze mara moja, Ubuntu ipigwe (isakinishwe) kote, kisha Ansible (ya kutoa amri kwa seva nyingi) iendeshe kubeadm (ya kuunda klasta).

Hapa ndipo palipokwama:
1. Seva mbili zikijaribu kuwaka kupitia mtandao (PXE) zinaleta kosa la PXE-E16 japo taa ya kebo ni ya kijani.
2. Moja Ubuntu imeingia kwenye HDD badala ya SSD.
3. Moja ikijiunga na klasta inakataliwa, kosa la x509 kwamba cheti bado hakijaanza kutumika.
4. Rook inaona HDD 11 tu kati ya 24.

Na swali la pembeni: mtandao wa ofisi ni 192.168.0.0/16. Je, kuna shida?

FundiKebo
Mkuu, makosa yako yote manne yana asili moja: seva zimeingizwa kwenye MAAS kabla hazijafanana. Mtumba kila mmoja unakuja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani. Usiguse Ansible kwa sasa. Rudi chini, anza na iDRAC.

Kwanza rudisha iDRAC kwenye hali ya kiwandani (`racadm racresetcfg`), mpe kila mmoja IP ya kudumu kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa) ya usimamizi, na badilisha nenosiri. iDRAC8 ikirudishwa kiwandani inatumia root na calvin, na kila mtu duniani anajua hivyo. Nenosiri jipya lisizidi herufi 20, maana IPMI 2.0 (itifaki ya kusimamia seva kwa mbali) haipokei zaidi ya hapo.

Pili washa IPMI kupitia mtandao, ndiyo njia MAAS inayotumia kuzima na kuwasha:

`racadm set iDRAC.IPMILan.Enable 1`

Hakiki ukiwa kwenye mashine ya MAAS yenyewe, siyo kwenye laptop yako:

`ipmitool -I lanplus -H 10.20.0.11 -U root -P '...' chassis power status`

Ikikaa kimya, angalia kama UDP 623 inapita kati ya VLAN hizo mbili. Kuna jambo moja linawapoteza wengi: ukitoa amri ya `chassis bootdev pxe`, agizo lile linaishi sekunde 60 tu. Usipowasha seva ndani ya muda huo linafutika, seva inawaka kwenye diski yake kama kawaida, nawe unabaki kuilaumu MAAS.

Tatu BIOS. Zote ziwe UEFI (njia mpya ya kuwasha mfumo), zisichanganywe:

`racadm set BIOS.BiosBootSettings.BootMode Uefi`
`racadm set BIOS.SysSecurity.AcPwrRcvry Last`
`racadm set BIOS.SysSecurity.AcPwrRcvryDelay Random`
`racadm jobqueue create BIOS.Setup.1-1 -r pwrcycle -s TIME_NOW`

Usisahau mstari wa mwisho. Bila kazi hiyo kuwekwa kwenye foleni, mabadiliko ya BIOS yanabaki yakisubiri tu na hayatekelezwi. Hizo mbili za katikati ni za umeme: ukikatika na kurudi, seva inarejea ilivyokuwa, na hazitawaka zote saba kwa mpigo mmoja zikaangusha UPS au swichi ya umeme ya ukutani.

Mpangilio wa kuwaka: kadi ya mtandao iwe ya kwanza daima, hata baada ya Ubuntu kupigwa. MAAS ndiyo inayoiambia seva "nenda kwenye diski yako". Ukiweka diski mbele, siku ukitaka kuipiga upya haitaisikia MAAS.

Na uwe na famwea ya toleo moja kwenye BIOS, iDRAC, H730 na kadi za mtandao kwa seva zote saba, hata kama toleo hilo si la mwisho kabisa.

kisiwa_net
PXE-E16 maana yake seva imeomba IP na hakuna aliyeitikia. Taa ya kijani inathibitisha umeme wa kebo tu, haithibitishi kwamba poti inapitisha pakiti.

Mkuu, hizo swichi mbili zimeunganishwa kwa vPC, MLAG au zimefungwa kuwa swichi moja? Kama ni swichi mbili zinazojitegemea, LACP ya kebo moja hapa na nyingine kule haiwezekani kabisa.

Kama zimeunganishwa, basi shida ni hii. Wakati wa PXE seva haina mfumo wowote wa kuzungumza LACP. Swichi inangoja pakiti za LACP, haizipati, inaifunga poti. Kwenye Nexus, ndani ya port-channel weka `no lacp suspend-individual`. Arista wanaita LACP fallback, Juniper wana `force-up`. Lengo ni lilelile: mwanachama mmoja aruhusiwe kufanya kazi peke yake mpaka Ubuntu iwake na bondi (muungano wa kebo hizo mbili) ipande.

Halafu kuna STP, kinga ya swichi dhidi ya mizunguko ya mtandao. Poti ya kawaida inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 ikijifunza, jumla 30, kabla haijapitisha chochote. Na wakati wa kupiga seva, poti inashuka na kupanda zaidi ya mara moja: famwea ya kadi inaiwasha, baadaye kerneli nayo inaianzisha upya. Kila mara unarudi kwenye zile sekunde 30. Ndiyo maana wengine wanapata IP kwenye PXE halafu wanakwama katikati, wakidhani picha ya Ubuntu ni mbovu. Weka `spanning-tree portfast trunk` kwenye Catalyst, au `spanning-tree port type edge trunk` kwenye Nexus.

VLAN ya kupigia seva iwe ndiyo native kwenye poti hizo, maana PXE kwa kawaida inatuma pakiti bila lebo ya VLAN. Na kwenye VLAN hiyo DHCP (inayogawa IP) iwe ya MAAS peke yake. Rauta ndogo iliyosahaulika ikigawa IP pale, mara inawahi yeye mara inawahi MAAS, na utapata kosa linalotokea Jumatatu na kupotea Jumanne. Ili kuona nani anajibu:

`tcpdump -ni eno1 -e port 67 or port 68`

Ukiona anwani mbili tofauti za MAC zikitoa majibu, umempata.

Kuhusu 192.168.0.0/16: ndiyo, shida ipo, na ni kubwa. Mfano wa Calico (programu ya mtandao wa Kubernetes) unatumia 192.168.0.0/16 hiyohiyo kwa podi (programu zinazoendeshwa ndani ya klasta). Ukiiacha, podi ikitafuta printa au hifadhidata ya ofisi, pakiti inabaki ndani ya klasta. Chagua 10.244.0.0/16 kwa podi kabla ya `kubeadm init`. Huduma za Kubernetes (Services) kwa kawaida zinachukua 10.96.0.0/12, yaani 10.96 mpaka 10.111, kwa hiyo usipange VLAN yoyote humo.

Bi_Diski
Nizungumzie namba 2 na namba 4, maana ni ugonjwa mmoja.

Usimwamini `/dev/sda`. Jina hilo linatolewa kwa mpangilio wa nani kaonekana kwanza, na likiwaka upya linaweza kuhamia diski nyingine. MAAS inaijua kila diski kwa namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial), kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa hifadhi wa kila seva, chagua SSD kuwa diski ya kuwakia, kisha ndipo upige. Kwenye Ansible na Rook tumia `/dev/disk/by-id/`.

H730 iweke modi ya HBA ili Ceph iione diski moja kwa moja pamoja na SMART yake (taarifa za afya ya diski). F2, Device Settings, chagua kontrola, kisha sehemu ya usimamizi wa hali ya juu. Haitakubali kubadilika mpaka ufute diski zote pepe za RAID pamoja na mipangilio ya kigeni iliyokuja na diski za mtumba.

Sasa kwa nini HDD 11 kati ya 24? Kwa sababu 13 zina mabaki. Ceph inakataa diski yenye patisheni, yenye LVM, yenye mfumo wa faili, yenye OSD (sehemu ya Ceph inayosimamia diski moja) ya zamani, au iliyo chini ya GB 5. Na inakataa kwa makusudi, isije ikafuta data ya mtu. Kagua kwa `lsblk -f`, kisha kwa kila diski:

`wipefs -a /dev/disk/by-id/...`
`sgdisk --zap-all /dev/disk/by-id/...`
`dd if=/dev/zero of=/dev/disk/by-id/... bs=1M count=100 oflag=direct,dsync`

Kama `wipefs` inasema diski inatumika, kuna LVM au md ya zamani imejiwasha yenyewe. Ondoa kwanza kwa `vgremove` au `mdadm --stop`, kisha `mdadm --zero-superblock`. GPT inaweka nakala ya pili mwishoni mwa diski, kwa hiyo `dd` ya mwanzo wa diski peke yake haitoshi. Ukiwa unarudia Rook kwenye nodi zilezile, futa pia `/var/lib/rook`, la sivyo mon (msimamizi wa klasta ya Ceph) mpya inakutana na funguo za klasta iliyokufa na haipandi.

Hesabu ya nafasi, ili usimwahidi mtu visivyokuwepo: 24 × 4 TB ni 96 TB. Nakala tatu, inabaki 32. Ceph inaanza kuonya ikifika asilimia 85, yaani kama 27 TB. RAM nayo: kila OSD inalenga GB 4, diski sita ni GB 24 kwa kila nodi kabla podi hata moja haijawaka.

Mwananzengo_IT
Kuongezea hapo kwa Bi Diski: ukiweka HBA huna tena RAID ya kontrola kwa zile SSD mbili. Tengeneza RAID 1 (diski mbili zenye nakala sawa) ya programu ndani ya MAAS kwa ajili ya mzizi (sehemu kuu ya mfumo). Ila patisheni ya EFI (ya kuwashia) inabaki kwenye SSD moja. Ikifa hiyo, seva itaendelea kufanya kazi vizuri tu, mpaka siku utakayoiwasha upya.

Na namba 3 ni saa. Fungua seva, badilisha betri ya CR2032. Za mtumba zimekaa stoo bila umeme, betri imekwisha, saa imerudi nyuma miaka. Cheti kimetolewa leo, seva inaamini ni zamani, lazima ikikatae. Weka chrony (ya kusawazisha saa) yenye `makestep 1 3`, thibitisha kwa `chronyc tracking`, kisha `hwclock --systohc`. Playbook yako ya Ansible ingoje saa ikae sawa ndipo iite kubeadm. Hata Ceph inalalamika mon zikipishana zaidi ya sekunde 0.05.

Tarishi
Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Kwa seva saba, dnsmasq na faili ya autoinstall ya Ubuntu zingetosha. MAAS ina hifadhidata yake, DNS yake, DHCP yake. Ni vitu vya kutunza.

FundiKebo
@Tarishi kwa seva mpya zinazofanana ningekubali. Kwa mtumba hapana. Hatua ya commissioning inaiwasha kila seva kwenye RAM, inaorodhesha vifaa, na unaweza kuiongezea `smartctl-validate` na majaribio ya RAM. Diski mbovu unazijua kabla Ceph haijazijaza data. Pia proksi ya MAAS kwenye poti 8000 inahifadhi vifurushi vya apt, hivyo seva saba hazivuti kitu kilekile mara saba kwa intaneti ya kulipia.

Ila @Nodi_ya_Saba, ile chaguo ya kufuta diski seva inapoachiliwa, fikiri kabla ya kuiwasha. Ukibonyeza Release kwenye nodi ya Ceph kwa bahati mbaya, OSD sita zimekwenda.

Nodi_ya_Saba
Asanteni sana wakuu. PXE imekubali baada ya `no lacp suspend-individual` na portfast (swichi ni vPC). Betri imebadilishwa, HDD zote 24 zinaonekana, podi nimezipa 10.244.

Limebaki moja. Masta wa kwanza na wa pili waliunganishwa jana. Leo wa tatu anasema siri ya `kubeadm-certs` haipo. Playbook ni ileile. Je, niendelee na masta wawili kwa sasa?

kisiwa_net
Wawili usikae nao. etcd (hifadhidata ya klasta iliyo kwenye masta) inahitaji wengi wakubaliane: kwa wawili, wengi ni wote wawili, kwa hiyo akianguka mmoja klasta inasimama. Watatu wanavumilia kumpoteza mmoja.

Kosa lako ni muda. Funguo ya vyeti inayotolewa na `--upload-certs` inaishi saa 2, na tokeni ya kujiunga saa 24. Kwenye masta wa kwanza:

`kubeadm init phase upload-certs --upload-certs`
`kubeadm token create --print-join-command`

Chukua funguo ya amri ya kwanza, iunganishe na ya pili pamoja na `--control-plane --certificate-key`. Kwenye playbook usihifadhi thamani hizi kwenye faili ya vigezo. Ziitwe upya kila inapoendeshwa.

Hakikisha pia `init` ilifanywa na `--control-plane-endpoint` yenye jina la DNS au IP ya pamoja, siyo IP ya masta wa kwanza. Kama uliiruka, futa uanze upya leo hii, kabla hujaweka data, maana kubeadm haina njia ya kuiongeza kwa klasta iliyoundwa bila hiyo. Na IP hiyo ya pamoja iwekee hifadhi ndani ya MAAS, isije ikapewa seva nyingine.

Bi_Diski
Kabla masta wa tatu hajaingia, pima SSD zake:

`fio --rw=write --ioengine=sync --fdatasync=1 --directory=/var/lib/etcd-jaribio --size=22m --bs=2300 --name=etcd`

Saraka hiyo itengeneze kwanza. Angalia mstari wa asilimia 99 ya fdatasync (muda wa kuandika diskini). Ukiwa chini ya milisekunde 10, endelea. Ukiwa juu, badilisha SSD hiyo kwanza, kwa sababu etcd ikichelewa kuandika, masta wataanza kuchaguana uongozi upya kila mara.

Nodi_ya_Saba
fio imetoa milisekunde 2.1 kwenye masta wawili, wa tatu 38. SSD zake ni za aina nyingine kabisa. Endpoint nilikuwa nimeweka IP ya masta wa kwanza, kwa hiyo nafuta na kuanza upya na jina la DNS. Nikishapata SSD mbili za kufanana na zile nyingine nitaleta majibu hapa.