Naomba ushauri: maua ya karatasi yanamfundisha nini mtoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea)?

BintiLangoni (Lamu)
Assalam aleikum wazazi wenzangu na walimu mlio humu. Kijana wangu wa PP2 amepewa kazi ya likizo: atengeneze maua kwa vitu vya nyumbani, bila kununua kitu. Tumekusanya magazeti, mifuko ya unga na trei ya mayai. Babake anaona bora muda huo aandike herufi. Mimi namwona amekaa kitako na mkasi, kimya, hata katuni hazimkalishi hivyo. Natamani kujua hasa anajifunza nini ili nimjibu babake kwa hoja.

Tena tumekwama. Tulikunja karatasi mara tatu, tukakata, likafunguka ua la petali nane. Akaliweka kando ya ua la mpapai lililoanguka uani, akahesabu, akakataa katakata: "La mpapai lina tano!" Nikamwambia si neno, hataki. Nifanyeje? Na gundi yetu ya unga imejaa sisimizi.

MwalimuMalindi
Waaleikum salaam mamake. Hapo alipokataa ndipo penye somo, usimharakishe. Mtoto wa umri huo kulinganisha idadi, akaona haziwiani, kisha akashikilia alichokihesabu, hiyo ni hesabu na sayansi kwa pamoja. Karatasi ukiikunja nusu kwa nusu unapata mbili, nne, nane. Tano haiji kwa njia hiyo. Mwache akunjue kila hatua ahesabu mwenyewe.

Sasa fanyeni hivi: kwenye ua la nane, kateni petali mbili zitoke, zibaki sita. Ya mwisho ipandisheni juu ya ya kwanza, mgandishe. Zitaonekana tano, na ua litainuka kama kikombe badala ya kulala bapa. Muulize ya sita imekwenda wapi, na usimjibu. Zile mbili zilizotoka zizungusheni kwenye penseli, ziwe za katikati.

Kwa babake: vidole vinavyobana karatasi na kuendesha mkasi ndivyo vitakavyoshika penseli. Mkono mmoja unakata, wa pili unageuza karatasi, na kuipatanisha mikono miwili ni kazi kubwa kwa mtoto mdogo. Haandiki bado, lakini mkono unaandaliwa.

FundiKofia
Naongezea kidogo. Karatasi ikiwa imekunjwa, mkato mmoja ukienda kombo, ukifungua umekwenda kombo mara nane. Msimsahihishie, aone mwenyewe. Mara nyingine atatazama kabla ya kukata. Kwenye kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, ni vivyo hivyo, ua likianza vibaya upande mmoja, mzunguko haukutani.

Mwambie pia achane gazeti kwa mkono. Upande mmoja linachanika nyoofu, upande wa pili linapinda, kwa sababu nyuzi za karatasi zimelala mkondo mmoja. Petali ikiviringwa kufuata mkondo huo inajikunja vizuri, haivunjiki.

MamaShela
Gundi: koroga unga wa ngano kwa maji baridi kwanza ndipo uweke motoni, isifanye mabonge. Tia siki kidogo isiote ukungu upesi. Pika ya siku hiyo tu na mpake nyembamba, sisimizi wanafuata mabaki. Upepo wetu wa bahari unalegeza karatasi, kwa hiyo baadhi fanyeni kwa maganda makavu ya mahindi. Shina, njiti ya fagio la chelewa inatosha.

BintiLangoni (Lamu)
Shukran sana, Mungu awalipe. Ya sita ameiona! Kila akifunua anacheka, kisha anaifunika tena, na sasa babake naye anakata. Swali la mwisho: anataka nyekundu, nami jikoni nina bizari ya manjano tu.

MwalimuMalindi
Manjano hayo hayo. Yaloweke kwenye maji ya moto, yakipoa achovye petali, kisha mzianike kivulini, jua linapausha rangi hiyo haraka. Zikikauka, mpe kijiti kilichochovywa kwenye maji ya magadi aguse ncha za petali: njano itageuka wekundu papo hapo. Kijiti ushike nawe, magadi yasiingie machoni. Kisha mdondoshee tone la limau juu ya wekundu ule, utarudi njano. Ila kabla hajagusa, kila mara muulize anadhani itakuwaje.