Naomba ushauri: darasa la kompyuta Busia, nitoze kiasi gani?

Binti Mpakani
Habari za jioni ndugu zangu. Niko Busia, upande wa Uganda. Nimechapa na kutoa fotokopi karibu na stendi kwa muda mrefu, sasa nataka kufungua darasa langu la kompyuta. Si la diploma. Nataka mtu mzima ajue mambo ya kila siku: kufungua baruapepe yake, kujaza fomu ya pasipoti mtandaoni, kuomba TIN (namba ya mlipakodi) ya URA, mamlaka ya mapato, kuweka hesabu za duka kwenye Excel.

Kinachoniuma ni hiki. Mama muuza samaki anamlipa karani amwombee TIN. Karani anamfungulia baruapepe, neno la siri anabaki nalo yeye. Baadaye URA wanatuma ujumbe kule na mwenyewe hana habari. Karani akihama, mama anaanza upya.

Chumba nimepata. Swali langu ni moja tu: elfu hamsini kwa mwezi ni sawa? Usiku silali.

Mzee wa Koboko
Binti, bei baadaye. Jina la biashara umelisajili URSB, ofisi ya usajili wa biashara? Leseni ya manispaa unayo? Mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato, lakini leseni ni kitu kingine. Na usigawe vyeti vyenye muhuri kama hujasajiliwa kuwa chuo. Vijana wanadanganywa sana na karatasi hizo.

Shangazi wa Tororo
Mwanangu, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na intaneti kafe. Siku za matokeo ya shule watu walipanga foleni mpaka nje. Simu za mguso zilipoenea, viti vikabaki vitupu, vumbi likajaa kwenye kibodi. Kompyuta za mwisho tuliziuza kwa bei ya kutupa. Sikukatazi, ila watu wako tayari wana simu mkononi.

Fundi Malaba
Dada, kompyuta ngapi, za aina gani?

Binti Mpakani
Za mezani, kumi. Zimetumika lakini ni nzuri. Laki tatu kila moja, muuzaji yuko Kampala.

Fundi Malaba
Unafikiria kununua au umeshanunua?

Binti Mpakani
Nimelipa nusu. Nyingine nikichukua mzigo.

Shangazi wa Tororo
Milioni moja na nusu! Mshahara wa fotokopi naujua. Pesa ya nani hiyo?

Binti Mpakani
Ni ya nyumbani, Shangazi. Tuzungumzie bei.

Mzee wa Koboko
Jibu swali la Shangazi.

Binti Mpakani
Haya. Mdogo wangu wa kiume amepata nafasi chuo kikuu, anaanza Agosti. Baba aliuza ng'ombe, akanipa karo nimtunzie. Mdogo wangu amekubali kungoja mwaka mmoja. Baba bado sijamwambia. Lakini jamani, karo ikishalipwa imekwenda, darasa litaingiza pesa kila mwezi. Mwakani nitamlipia yeye na wa nyuma yake. Si kama nimeenda kunywa pombe.

Mzee wa Koboko
Alikubali, au alimwogopa dada yake? Ng'ombe wa mzee hauzwi mara mbili. Mwambie baba yako kabla hajasikia sokoni.

Kijana wa Bombo
Mimi uzi huu siuamini. Kompyuta kumi, bei imetajwa, muuzaji yuko Kampala, na kilio cha karo juu yake. Kesho itawekwa namba ya simu. Tumeshaona matangazo ya namna hii.

Mama Mitumba
Hata mimi nilishangaa. Mtu hapati usingizi kwa wasiwasi lakini anajibu baada ya dakika mbili?

Shangazi wa Tororo
Na mimi nilikuwa nimeanza kumwombea.

Binti Mpakani
Mimi siuzi kompyuta. Jina la muuzaji sijalitaja na sitalitaja. Niwaambie ya juzi tu. Mama mmoja alikaa kwenye kompyuta ya ofisini baada ya kazi. Aliinua mausi hewani akaielekeza kwenye kioo kama rimoti ya TV. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukaisukuma mezani pamoja. Alipoona mshale unamfuata, alinyamaza, akaurudisha kushoto, kulia, kushoto. Tulifungua baruapepe yake. Neno la siri alitaka kuliandika kwenye daftari la madeni, ambalo kila mteja analifungua, nikamkatalia. Anayesema nimebuni na aseme, lakini mama yule alirudi na mwenzake.

Fundi Malaba
Mimi namwamini. Muuzaji angesifia prosesa, huyu hata hajaitaja.

Sasa dada, sikiliza. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, programu inayoendesha kompyuta, tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Muulize muuzaji hilo kwanza. Kama hazipokei, weka Linux badala ya Windows na LibreOffice badala ya Excel, ni bure, na hesabu za duka zinafanyika vizuri. Umeme pia: kila moja na kioo chake yaweza kula wati mia, kumi ni kilowati nzima, na ukikatika darasa limekwisha. Chukua tatu, wanafunzi wengine uwafundishe kwenye simu zao. Baruapepe, TIN, pasipoti, vyote vinaanzia pale. Pesa ya zilizobaki muuzaji airudishe, iende kwenye karo.

Mama Mitumba
Kama ni kweli, elfu hamsini kwa mwezi sisi hatutoi. Pesa yetu ni ya siku. Toza elfu mbili kila somo, jioni tukishafunga. Asubuhi usinitafute.

Binti Mpakani
Asante, Mama. Hilo sikulifikiria. Nimempigia muuzaji. Amekubali nichukue tatu, laki tisa. Laki sita iliyobaki hataki kurudisha, anasema nichukue printa.

Shangazi wa Tororo
Printa haisomeshi mtoto. Na baba?

Binti Mpakani
Naenda nyumbani Jumapili, na mdogo wangu atakuwepo.

Fundi Malaba
Printa usiipokee. Una risiti ya malipo ya kwanza? Ipige picha, unitumie faraghani leo. Jumatatu niko Kampala, nitakwenda kwake mwenyewe.