Tairi la nyuma limekwisha kwa wiki tisa! Wauza tairi na mafundi pancha wa Mbeya, mnatuumiza

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie nikirukaruka.

Mwezi wa pili nilinunua tairi la nyuma la bodaboda, saizi 3.00-17, kwenye duka moja hapa Mwanjelwa. Shilingi 55,000 taslimu. Lilikuwa jeusi linang'aa, limezungushiwa karatasi ya rangi, ukiligusa unasema hili jipya kabisa. Leo nimelivua. Wiki tisa! Katikati kipara, kashata za pembeni, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, zinameguka kama mkate mkavu, na ubavuni kuna nyufa zinazoingia ukucha. Lililotangulia nililimaliza kwa zaidi ya miezi saba, na ruti ni zilezile, Uyole, Igawilo, Isyesye, Kabwe, na hesabu ninayompelekea bosi mwenye pikipiki ni ileile kila jioni.

Nikalirudisha dukani. Nikajibiwa hivi, mbele ya wateja: "Ninyi bodaboda hamjui kuendesha, mnavuta mafuta kama mnakimbizwa." Mimi ni mtu mzima, nina watoto watatu, huu ni mwaka wangu wa 11 kijiweni. Nimeambiwa hivyo na mtu aliyechukua pesa yangu.

Kijana mmoja wa kijiweni kwetu ndiye aliyenionyesha nilichopaswa kukiona siku ya kwanza. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zimefungiwa kwenye kiduara kirefu. La kwangu lina 1417. Maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2017. Mpira unazeeka hata kama haujagusa barabara. Jua na joto vinaukausha, unakakamaa, unapasuka. Na hawa wanayatundika mlangoni juani kutwa nzima, mwaka unaingia mwaka unatoka, kisha wanayapaka dawa ya kung'arisha na kukuuzia kama mapya.

Tairi kongwe halishiki lami, na lami ikiwa na maji ndiyo kabisa. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 11 mpaka wa tano. Chukua mteremko wa Mlima Nyoka umelowa, lori la mizigo linakupumulia kisogoni, umempakia mama wa watu na mtoto mgongoni, halafu gurudumu la nyuma linaserereka. Hapo ndipo ninapoumia. Ile 55,000 nitaitafuta tena.

Sasa mafundi pancha, maana kile kipara cha katikati hakikuletwa na uzee. Kimeletwa na upepo. Fundi wetu anajaza, anabonyeza kwa kidole gumba, anasema "imetosha, piga kazi". Jana nikaazima geji ya kupimia upepo kwa mwalimu mmoja mwenye pikipiki yake. Nyuma kwangu imesoma PSI 46! Stika kwenye pikipiki yangu inasema mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, na 32 ukibeba abiria. Tairi likijazwa hivyo linavimba, linaigusa barabara kwa mstari mwembamba wa katikati, na huo mstari ndio unaolika. Tukapima ya mwenzangu, ikasoma 17. Yeye la kwake limeisha pembeni, maana tairi lenye upepo kidogo linajikunja kila mzunguko, linapata moto, na tyubu inatembea ndani mpaka inachanika kwenye valvu. Alishabadilisha tyubu mbili akidhani ni misumari. Na wote wawili tunajaza kwa fundi huyohuyo!

Mizani ya viazi sokoni inakaguliwa. Pampu ya mafuta inakaguliwa. Upepo uliobeba roho za watu wawili unapimwa kwa kidole. Kwa nini? Kijiwe cha watu 20 tukichanga 500 kila mmoja, hatukosi geji. Sisi tumeanza leo. Pimeni asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa la baridi. Ukitoka Uyole alfajiri ya mwezi wa saba ukafika Kyela mchana, geji itasoma juu kwa sababu ya joto. Usipunguze upepo kule, maana ukirudi kwenye baridi utakuta upepo upo chini ya kiwango.

Na sisi waendeshaji tusikwepe. Vijana wanashuka ule mlima wa barabara ya Chunya wameweka nyutro, eti wanaokoa mafuta. Uzito wote unaangukia breki ya nyuma, gurudumu linagoma kuzunguka, tairi linaburuzwa mpaka linapata baka bapa. Ukishaliona baka hilo, hapo mpira umeshachunwa na haurudi. Weka gia ya pili au ya tatu, injini ikushikilie, na breki ya mbele uitumie taratibu. Imewekwa pale kwa kazi.

Cheni nayo. Fundi anakaza nati, anasahau kulinganisha alama za kushoto na kulia pale gurudumu la nyuma linaposhikwa. Yangu nimekuta upande mmoja umepitiliza alama mbili. Kwa hiyo wiki zote hizo gurudumu lilikuwa limekaa upande, tairi linasagika.

Lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, juu ya pikipiki sina haja ya kuieleza, kila mtu anajua inafanya nini. Ila mabosi niwaambie: mnataka hesabu kamili kila siku, tairi mnasema ni juu ya dereva. Dereva akikosa anakwenda kununua la bei ya chini, na la bei ya chini ndilo hilo la 2017. Pikipiki ni yako, bosi. Nunua tairi.

Duka silitaji. Nimempa mwenyewe mpaka Jumamosi anibadilishie au anirudishie pesa, na tairi ninalo, namba zinasomeka.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Mnaouliza kama nilichonge kashata upya niendelee nalo, hapana. Ukichonga unakula mpira mchache uliobaki juu ya nyuzi. Tafuteni ubavuni herufi TWI, mfuate usawa wake mpaka katikati ya kashata, mtaona kijituta kidogo cha mpira. Kashata zikishalingana na hicho kijituta, tairi linavuliwa siku hiyohiyo. La kwangu nimelikagua tena sasa hivi kwa tochi. Katikati kijituta kimeshafutika kabisa, na jana jioni nilipakia mwanafunzi nalo mpaka Igawilo.